Nimeacha kuogelea nikaenda jeshini: wiki 12 na ile programu ya kujiandaa, nyota 3 na nusu

Nianze na nyota kabisa, asiye na muda aondoke nazo: 3 na nusu kati ya 5. Zingefika 4 na nusu kama wangeitoa ile sehemu ya "akili ya shujaa" wakaweka kitu cha maana pale, na zingeshuka mpaka 2 kama isingekuwa ile sehemu ya mifupa. Jina la kampuni silitaji, nina ugomvi nao wa buti ambao mpaka leo haujaisha na sitaki kesi. Waliowahi kutafuta hizi programu za mtandaoni za kuwaandaa wanamichezo wanaoingia jeshini wataijua aina yake: wiki 12, aplikesheni ya simu, video kibao, ratiba inayojibadilisha kila Jumapili kutokana na ulichojaza, na simu moja ya mshauri kila baada ya wiki mbili.

Mimi nilikuwa muogeleaji. Bataflai mita 200, ile mbio ambayo waogeleaji wenzako wakisikia ndo unayoogelea wanakupa pole. Miaka 14 majini, mara 9 mpaka 10 kwa wiki, naamka kabla ya jogoo, nywele zimekauka kwa klorini mpaka zinakatika zenyewe. Msimu wangu wa mwisho nilikosa muda wa kufuzu kwa sehemu 31 za mia za sekunde na watu wengi wanadhani ndo sababu niliacha. Sio hiyo. Nilishika ukuta, nikageuka kuangalia ubao, nikaona ile namba, na sikusikia kitu chochote ndani, wala huzuni wala hasira, nikatoka majini nikaenda kutafuta taulo. Jeshini nilitaka kwenda tangu nikiwa mdogo, ila ukiwa unaogelea kila kitu unakisogeza mpaka baada ya mashindano yajayo, na mashindano yajayo huwa hayaishi.

Kocha nilipomwambia alikaa kimya, afu akasema, "Mwanangu, kule hakuna wiki ya kushusha mazoezi." Nikacheka. Kwa wasiojua, sisi kabla ya mashindano makubwa tunapunguza mazoezi wiki mbili au tatu ili mwili upumzike na siku yenyewe uwe juu kabisa, mwaka mzima unaishi kwa ajili ya siku mbili tatu. Nilidhani anatania. Nitairudia hii huko chini.

Kwanini nilinunua programu badala ya kuamka tu nikimbie? Kwa sababu nilijiona niko fiti na nilitaka mtu aniambie kwamba niko fiti, huo ndo ukweli. Mapigo ya moyo asubuhi yalikuwa 46. Kilichotokea ni kwamba wiki ya kwanza tu nikagundua nina injini ya lori iliyofungwa kwenye baiskeli ya mtoto.

Wanaanza kwa kukupima. Dakika 12 unakimbia uwezavyo halafu unapima umbali, hiki ni kipimo cha Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alikitoa mwaka 1968 na bado kinatumika kila mahali maana hakitaki kitu zaidi ya saa na uwanja. Nikapata mita 2,140. Mtu anayeogelea kilomita 6 kabla ya chai! Pumzi ilikuwepo, ningeweza hata kuimba, lakini miguu ilikuwa inapiga chini kama mtu anayeshuka ngazi gizani, pwa, pwa, pwa, na kesho yake nilishuka kitandani kwa kutanguliza mikono. Cha pili ni kile cha kwenda na kurudi mita 20 ukifuata mlio, kinaanza kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kila dakika inaongezeka nusu. Hiki nilikipenda bila sababu ya msingi, afu nikaelewa: kila mita 20 unageuka, na kugeuka ndo kazi niliyoifanya ukutani miaka 14, nilikuwa naokoa pale ambapo wenzangu wanapoteza.

Pushapu, planki, kunyanyua chuma toka chini, hizo sikuwa na shida nazo na sitaziongelea sana. Nawapa sifa moja hapa, wanakusisitiza ukatafute vipimo vya jeshi unaloenda wewe, vya mwaka huu, sio vya rafiki yako aliyeingia zamani. Mfano wanaoutoa ni jeshi la nchi kavu la Marekani, ule mtihani wao wa matukio 6 ulibadilishwa Juni 2025 ukawa wa matukio 5, wakaondoa kurusha mpira mzito. Kuna watu walikuwa wanarusha mpira miezi yote ile.

Sasa mifupa. Hapa hela yangu ilienda kihalali.

Simu ya kwanza na mshauri (kijana mmoja hivi aliyewahi kuwa mkufunzi wa makuruta, mpole, anaongea taratibu) swali lake la kwanza halikuwa nakimbia kasi gani. Aliuliza, "Dada, mazoezi yako yote ya nyuma, ni mangapi uliyafanya ukiwa umevaa viatu?" Nikafikiria. Ukiondoa gym mara tatu kwa wiki, hakuna. Akasema basi wiki sita za mwanzo hatushughuliki na mapafu yako kabisa. Mfupa unakuwa mgumu kwa kugongwa, na majini hakuna kinachokugonga, maji yanakubeba, ndo maana waogeleaji na waendesha baiskeli pamoja na ufiti wao wote mara nyingi mifupa yao ni myepesi kuliko ya wakimbiaji au wacheza mpira. Akanipa na historia, mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia anaitwa Breithaupt aliandika kuhusu askari ambao nyayo zilikuwa zinavimba na kuuma kwa sababu ya kutembea sana, na ilibidi eksirei ije kuvumbuliwa mwishoni mwa karne ile ndo watu waone kwamba ndani kuna ufa kwenye mfupa. Miaka 170 imepita na huo ufa bado unarudisha makuruta nyumbani. Na wanaorudishwa sio wavivu peke yao, mwenye mapafu makubwa naye anaweza kuumia maana mapafu yanamruhusu kufanya kazi ambayo mifupa haijaisaini.

Kitu ambacho sikukijua na nadhani kila mwanamichezo anayehama anatakiwa akijue: mwili ukianza kuimarisha mfupa unachimba kwanza ule wa zamani ndo unajaza mpya, na kuchimba kunaenda haraka kuliko kujaza. Kwa hiyo kuna kipindi mwanzoni, wiki kadhaa, mfupa unakuwa dhaifu kuliko siku uliyoanza, na kipindi hicho hicho misuli imezoea, pumzi imefunguka, unajisikia simba, unataka kuongeza. Aplikesheni ilikuwa inanifungia. Wiki ya 4 nilitaka kukimbia siku ya ziada ikanigomea, ukibonyeza inakuandikia kwamba leo ni kuruka mara 10, pumzika, rudia mara nne, basi kalale. Kuruka mara 40! Nililipia nini mimi? Nikamtumia mshauri ujumbe wa hasira saa tano usiku na asubuhi akanijibu neno moja, "Ruka." Niliruka. Wiki ya 7 ugoko ulikuwa unauma kidogo ukibonyeza na kidole, wakanirudisha nyuma wiki nzima bila kuniomba ruhusa, na nikiangalia sahivi ile wiki ndo iliyoniokoa.

Wana video nzuri pia kuhusu kalsiamu na vitamini D, wanautaja utafiti wa mwaka 2008 kwa makuruta wanawake wa jeshi la majini la Marekani, waliopewa miligramu 2,000 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku kwa wiki 8 walipata nyufa za mifupa pungufu kama asilimia 20 hivi ukilinganisha na ambao hawakupewa. Wanakwambia umuone daktari kwanza, sio ukimbilie duka la dawa. Sawa.

Ila hapo hapo pana shimo kubwa na ndo maana nyota nusu imeondoka. Fomu ya kujiunga inauliza kila kitu, mpaka unalala upande gani, haiulizi hedhi. Mwanamke anayefanya mazoezi makali huku chakula hakitoshi hedhi inaweza kukatika, na ikikatika mifupa inalipa gharama. Sio siri, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililiandikia tamko mwaka 2014 na likapewa jina kabisa, upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na linawapata hadi wanaume. Kwenye kuogelea nimewaona mabinti wanakaa miezi nane hawaoni siku zao na wanasema afadhali, usumbufu umepungua. Programu inayojisifu kwa mifupa halafu haiulizi hilo swali moja, mnafanya nini? Nilimuuliza mshauri akasema, "Hilo dada ongea na daktari wako." Nikaongea. Ila walitakiwa waulize wao.

Buti. Hapa nitajitahidi nisitukane.

Unaweza kulipia mazoezi tu au ukalipia na furushi la vifaa: buti, begi la mgongoni na soksi pea nne. Nikachukua furushi. Begi ni zuri, sina neno, mkanda wa kiunoni unabeba mzigo kweli na mikanda ya mabegani ni mipana, kwa muogeleaji hii sio anasa maana mabega yetu yako mbele mbele na yamelegea, begi baya linakuchinja shingo kilomita ya pili. Soksi nzuri pia. Buti zilikuja saizi ya viatu vyangu vya kawaida, kama nilivyojaza, na hilo ndo kosa lenyewe, kwa sababu hakuna mahali kwenye fomu walipoandika kwamba mguu unavimba ukibeba mzigo na buti inatakiwa ipimwe jioni, mguu ukiwa umechoka, ukiwa umevaa soksi utakazotembea nazo, na kidole gumba kibaki na nafasi ya upana wa kidole mbele. Hayo yote yapo! Yapo kwenye video ya wiki ya 3. Buti nimezilipia siku ya kwanza, maelezo ya kuchagua buti napewa wiki ya 3, baada ya kuzivaa nje, na zikishavaliwa nje hazirudishwi. Kucha mbili zikawa nyeusi, moja ikatoka. Nimeandika barua pepe nne, najibiwa na mtu tofauti kila mara na kila mmoja ananiita "bingwa".

Malengelenge siwezi kuwalaumu wao. Nyayo za muogeleaji ni kama za mtoto mchanga, miaka 14 zimeloweka. Mshauri alinifundisha kusikiliza sehemu inapoanza kupata moto, usisubiri iume, simama, vua, kausha, bandika plasta, vaa soksi kavu, endelea. Mwanzo niliona aibu kusimama. Afu kifundo cha mguu, sisi tunajivunia vifundo vinavyokunjika kama pezi, majini ni mali, ila ukiwa na kilo 16 mgongoni kwenye njia ya mawe kifundo kinachokunjika kila upande ni hasara tupu. Wakanipa mazoezi ya kusimama mguu mmoja nikiwa napiga mswaki. Asubuhi na jioni, wiki 12. Nimeyachukia na yamefanya kazi.

Kutembea na mzigo kwenyewe wamekupanga vizuri: kilo 8 kilomita 3, mara moja kwa wiki tu, wanaongeza umbali kwanza, halafu uzito, hawaongezi vyote wiki moja, na wanakukataza kabisa kukimbia na mzigo. Nilimaliza na kilo 16 kilomita 10. Na ule mtihani wa dakika 12 wiki ya mwisho nilipata mita 2,610. Ningekuwa bado nauza nyota ningewapa 5 siku ile.

Sasa tuje kwenye "akili ya shujaa", masomo nane ya video yenye muziki wa ngoma nzito. Kama kuna mtu kutoka kule anasoma hii naomba asome taratibu.

Video ya kwanza ni Pat Tillman. Wanasema alikuwa mchezaji wa Arizona Cardinals kwenye mpira wa Kimarekani, mwaka 2002 akaacha mkataba wa dola milioni 3.6 wa miaka mitatu mezani, akajiandikisha pamoja na mdogo wake Kevin ambaye naye alikuwa anacheza besiboli, wakaingia kikosi cha makomando, na Aprili 22, 2004 akafia Afghanistan. Muziki, bendera, mwisho. Hawakusema aliuawa na risasi za wenzake kwa makosa. Hawakusema kwamba ndani ya jeshi kuna waliojua mapema, na familia ikazika ikiamini kauawa na adui, ikaja kuambiwa wiki kadhaa baadaye, halafu ikahangaika miaka kupata ukweli wote. Mimi nilikuwa nalijua hili tangu zamani kwa sababu mwanamichezo yeyote anayefikiria jeshi lazima kuna siku amesoma habari za Tillman usiku wa manane. Mtu anayeenda kuvaa sare anastahili kupewa hadithi nzima ndo aamue. Ukinikatia katikati kwenye hili, nitakuamini vipi ukiniambia kuhusu mifupa yangu?

Video ya pili Ted Williams, nyota wa besiboli wa Marekani, kuonyesha kwamba ukienda unaweza kurudi. Kweli alirudi, alikosa misimu mitatu ya besiboli kwa ajili ya vita vya pili vya dunia, afu kwenye vita vya Korea akarusha ndege za kivita mara 39, na akacheza mpaka 1960. Ila kwenye ile ya Korea hakwenda mwenyewe, aliitwa, alikuwa askari wa akiba mwenye umri wa miaka 33 na hakuifurahia hata kidogo. Wanawaweka pia mabondia wa Ukraine, Usyk na Lomachenko, waliojiunga na ulinzi wa nchi yao Februari 2022. Jamani. Mtu ambaye vita vimemkuta nyumbani kwake na mtu ambaye amekaa akafikiria miezi mitatu akajaza fomu hawako kwenye kundi moja na hawahitaji ushauri mmoja.

Na kitu ambacho kilitakiwa kiwe video ya kwanza kabisa hakipo popote kwenye wiki 12: majeshi mengi yana timu za michezo! Abebe Bikila alipokimbia peku Roma 1960 akachukua dhahabu ya marathoni alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme wa Ethiopia, hakuacha kimoja kufuata kingine. Kuna baraza la kimataifa la michezo ya majeshi, CISM, lipo tangu 1948, na michezo yao ya dunia ilianza 1995, kuogelea kumo. Mimi haya nimeyajua depo, yaani kambi ya mafunzo ya makuruta, afande mmoja akiangalia fomu yangu akauliza, "Wewe muogeleaji, mbona hukuulizia timu?" Nikabaki nimetoa macho. Sisemi ningechagua hivyo, nilikuwa nimechoka na saa ya kocha, ila kuna wenzangu wanaacha mchezo wakilia kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba huo mlango upo. Programu ya wanamichezo wanaoingia jeshini, watu wazima mmekaa mmepanga masomo nane, mkasahau hilo?

Cha ajabu ni kwamba ile sehemu ndogo ya makaratasi, PDF ya kurasa sita ambayo nadhani hakuna anayeifungua, ni nzuri kuliko video zote nane. Wanakwambia usipotee kimya kimya, liandikie shirikisho lako barua ya kustaafu, na kama uko kwenye orodha ya wanaopimwa dawa za kuongeza nguvu mara kwa mara basi ujue ukistaafu huwezi kurudi mashindanoni kesho yake, lazima utoe taarifa ya maandishi na uwe tayari kupimwa miezi 6 kabla. Wanakwambia chukua nakala za vipimo vyako vyote vya majeraha ya zamani, maana madaktari wa jeshi watauliza na bega ulilofanyiwa upasuaji ukilificha litakuja kujisema lenyewe. Mimi barua niliandika mistari minne. Ilinichukua siku mbili.

Turudi kwenye maneno ya kocha. Depo hakuna kilele. Hakuna siku moja unayoisubiri, kila siku wanataka asilimia 70 yako, na ukitoa 100 Jumatatu, Jumanne huna kitu na hakuna anayekuonea huruma. Wiki mbili za kwanza nilifanya hivyo hivyo, nikiona mbio naona fainali, naongoza, afu jioni kwenye kwata nasinzia nimesimama. Hili programu haikunigusia hata kidogo na kwa mwanamichezo ndo kitu cha kwanza kinachokuvunja. La pili, miaka 14 nimeogelea kwenye njia yangu, kamba kulia kamba kushoto, hakuna anayeruhusiwa kuingia kwangu. Wiki ya 3 tuko kwenye matembezi ya mzigo, mwenzetu mmoja akaachwa nyuma kama mita 300, tukaamriwa turudi wote kumfuata. Nilikuwa wa mbele kabisa. Nikarudi nimekunja uso mpaka afande akauliza kama nimemeza ndimu. Huyo mwenzangu ndo baadaye alikuwa ananifunga mikanda ya begi asubuhi vidole vyangu vikiwa vimekufa ganzi, na sijui kama kuna video ya ngoma nzito inaweza kumuandaa mtu kwa hilo, lakini wangejaribu basi, walau somo moja kati ya nane.

Mtihani wa kuogelea na kombati nisipousema nitaumwa. Walitupanga, wakasema mita 50 na nguo na buti. Nikasema leo leo. Nikaruka na bataflai, mnaniona? Suruali ikajaa maji, buti zikanivuta, mikono ya shati ikawa kama mifuko ya saruji, nilimaliza mita 50 wa pili kutoka mwisho, nyuma ya kijana aliyejifunzia mtoni anaogelea ubavu ubavu, kichwa juu, taratibu kama bata. Afande hakunisema kitu. Alicheka tu mpaka akakaa chini.

Nani anunue? Muogeleaji, mwendesha baiskeli, mpiga makasia, yeyote ambaye mchezo wake unamfanya akae au aelee, nunua na uifuate hata ikikutukana. Mkimbiaji au mcheza mpira wa miguu, sidhani, mifupa unayo tayari, tafuta begi na mtu mwenye uzoefu wa kukupangia uzito. Furushi la vifaa usichukue, kanunue buti dukani jioni ukiwa na soksi zako. Zile video nane ruka zote, soma PDF. Na mshauri ukimpata yule mpole anayeongea taratibu usikubali kubadilishiwa, mimi wiki ya 9 walinibadilishia wakanipa dada mmoja aliyekuwa ananisomea ratiba ambayo naiona mwenyewe kwenye simu, ikabidi nigombe mpaka wakanirudishia.

Kucha imeshaota, imepinda kidogo. Simu tulinyang'anywa siku ya kuingia depo, niliporudishiwa na kuiwasha ile aplikesheni ilikuwa imenitumia ujumbe 61, wa juu kabisa unasema "Bingwa, tumekuona kimya, umekata tamaa?" Nimetafuta sehemu ya kufuta akaunti sijaiona, anayejua iko wapi aniambie.